Weka Tu, Jirani

Tulinunua kwa hatua, si kwa futi:
ishirini kwa thelathini, za miguu ya mjumbe,
naye mjumbe alikuwa mfupi.
Lwitiko akacheka, akasema hapa Kifuru
ukubwa wa kiwanja ni urefu wa paja la mtu.
Tukapanda minyaa pembeni, mche kwa mche.
Utomvu ukanichoma jicho la kushoto siku tatu.
Hiyo ndiyo hati yangu ya kwanza: jicho jekundu.

Kisha akaja Bwana Kondo, kofia mkononi.
Lori la matofali limefika, pa kushusha hana.
"Jirani, wiki mbili tu, hapa upande wako."
Nilikuwa na unga viganjani, Atupele analia,
hataki kuvaa sare mpya ya darasa la kwanza.
Nikasema: weka tu, jirani.
Maneno matatu.
Nimeyatafuna miaka yote kama kapi la muwa.

Matofali hayaozi.
Mwaka wa pili yaliota majani,
mwaka wa tatu yakaota bati, chini ya bati pikipiki.
Lwitiko alipokufa, nani alitangulia na jeneza?
Kondo.
Nani aliwachotea wafiwa maji, mapipa manne,
asidai hata shilingi? Kondo.
Unamwambiaje mtu aliyemshusha mumeo kaburini
kwamba amekumega hatua mbili?

Minyaa iling'olewa nikiwa Tukuyu kwenye arobaini.
Nikanyamaza.
Karo la choo likachimbwa, kando ya karo ukuta.
Nikafunga dirisha la jikoni
nikazoea kupika taa ikiwaka mchana.

Juzi wamekuja vijana wa upimaji
na mashine yao ya miguu mitatu,
isiyojua nani alizika nani.
Wakaandika ukuta wa Kondo kuwa ndio mpaka.

Pale ofisi ya kata yuko binti wa msaada wa sheria,
kucha fupi, sauti ya muuguzi.
Alianza lini, mama?
Akanieleza polepole: miaka kumi na miwili.
Ikipita umekaa kimya, mlango unafungwa,
na aliye ndani ndiye mwenye nyumba.

Sina kalenda. Nina Atupele.
Nikamhesabu kwa madaftari: msingi saba,
kidato cha kwanza hadi cha nne,
cha tano, cha sita.
Kumi na mitatu.
Nimepitwa kwa sare moja.

Nikainuka, nikakunja khanga.
"Kaa kwanza," binti akasema. "Alivamia, au aliomba?"
Aliomba.
"Nawe ukamjibu nini?"
Niliona haya kuyatamka, kama mtu anayetaja deni la pombe:
weka tu, jirani.
Akaweka kalamu mezani.
"Aliyekaribishwa ni mgeni, mama.
Na mgeni huenda hahesabiwi miaka.
Lakini nani alisikia?"

Nani alisikia.
Dereva wa lori simjui hata jina.
Lwitiko yuko chini.
Atupele alikuwa anapiga kelele.
Na nyuma ya lori, mimba ya miezi minane,
kanga imenasa kwenye minyaa,
Mwanahawa, mke wa Kondo,
aliyenitazama akasema: Mungu akulipe, dada.

Usiku huu namsikia anakwangua ukoko wa wali.
Ukuta ni wa inchi sita, hauzuii kijiko.
Ila hauna mlango; kwenda kwake ni kuzunguka,
getini kwangu, pembeni ya duka la mkaa,
mtaro, kisha geti lao la bluu.
Hatua mia moja na kumi na nne.
Nimezipima kwa miguu yangu mwenyewe,
nami ni mfupi kuliko yule mjumbe.

Bakuli lake la maua liko kwangu
tangu Idi ya mwaka juzi. Hajalidai.
Nimeliosha. Nimelifuta.
Nimesimama nalo mlangoni.